Lebo ya Skrini si Jina la Dhana: Istilahi za Programu za Takwimu katika Tasnifu za Kiswahili

Ikisiri

Mwanafunzi anayeandika tasnifu ya isimu kwa Kiswahili huchanganua data zake kwa programu za takwimu ambazo maandishi yake ni ya Kiingereza, kisha hutafsiri alichokiona kwenye skrini. Makala haya yanachunguza baadhi ya lebo za SPSS, R, Stata na Goldvarb zinazomtatiza mwanafunzi huyo: zile zinazotaja dhana nyingi kwa jina moja, zile zinazotaja dhana moja kwa majina mengi, na zile zilizopata utata mpya baada ya kuingia katika Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba lebo ya skrini ni matokeo ya historia ya programu na ya taaluma zilizoizaa. Haikuundwa kwa utaratibu wa istilahi, na kwa sababu hiyo haifai kuwa chimbuko la istilahi ya Kiswahili. Kwa mfano wa upatanisho wa kisarufi tunaonesha jinsi tafsiri ya lebo inavyoweza kubadili dai zima la tasnifu, na tunapendekeza visawe vichache vinavyoanzia kwenye dhana.

1.0 Utangulizi

Tasnifu za uzamili na uzamivu zimekuwa zikiandikwa kwa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa. Nyingi kati yake, hususan za fasihi na za sarufi, hazikuhitaji hesabu iliyozidi asilimia. Hali hiyo imebadilika. Mwanafunzi wa isimujamii huhesabu vibadala vya matamshi. Wa ufundishaji wa lugha hulinganisha alama za madarasa mawili. Wa isimu kongoo hupima marudio ya maneno katika matini. Wote hao, wanapofikia sura ya uchanganuzi, hufungua programu ya takwimu na kupata majedwali yaliyojaa vichwa vya Kiingereza. Hapo ndipo huanza kazi ambayo hakuna kozi iliyowaandaa kuifanya, yaani kuyaeleza majedwali hayo kwa Kiswahili.

Kazi hiyo huchukuliwa kuwa ya tafsiri tu. Mwanafunzi hufungua kamusi, hulitafuta neno aliloliona na kuchukua kisawe cha kwanza. Ndivyo “significance” inavyokuwa umuhimu, “error” ikawa kosa, “confidence” ikawa imani na “valid” ikawa halali. Msimamizi, ambaye aghalabu ni mwanaisimu na si mtakwimu, huzipitisha sentensi hizo kwa kuwa sarufi yake haina dosari. Mtahini wa nje ndiye anayeweza kushtuka, na wakati mwingine hata yeye hashtuki.

Nadharia ya istilahi inayonasibishwa na Eugen Wüster huanzia kwenye dhana: dhana hubainishwa kwanza, huwekwa mahali pake katika mfumo wa dhana nyingine, kisha hupewa jina. Mwanafunzi wetu huenda kinyume. Huanzia kwenye jina, tena jina la lugha nyingine, na hutumaini kwamba dhana itafuata yenyewe. Mwelekeo huo ungekuwa na madhara madogo iwapo majina ya skrini yangekuwa yamepangwa vizuri. Hayakupangwa hivyo, na sehemu inayofuata inaeleza kwa nini.

2.0 Skrini ilivyopata maneno yake

SPSS ilianza mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Stanford, mikononi mwa Norman Nie, Hadlai Hull na Dale Bent, kwa ajili ya watafiti wa sayansi za jamii. R ilianzishwa miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kwa kufuata lugha ya S iliyotoka katika maabara za Bell nchini Marekani. Stata ilitolewa mwaka 1985. Familia ya VARBRUL, ambayo Goldvarb ni mzawa wake, ilitokana na kazi za wanaisimu wenyewe: kanuni geuzi za William Labov na makala ya Henrietta Cedergren na David Sankoff ya mwaka 1974.

Kila programu ilibeba msamiati wa watu walioihitaji. Ndani ya programu moja pia, kila menyu ilitungwa kwa ajili ya taaluma yake. Uchanganuzi wa majaribio ya kilimo ulikuja na maneno ya R. A. Fisher na mashamba ya Rothamsted. Uchanganuzi wa vipimo vya akili ulikuja na maneno ya wanasaikolojia kuanzia Charles Spearman mwaka 1904. Nadharia ya makosa ya vipimo ilikuja na maneno ya wanafalaki. Tabaka hizo zimelaliana bila mtu wa kuzisawazisha. Hakuna baraza lililowahi kukaa kuamua kwamba neno hili litumike hapa na lile pale, kama BAKITA linavyofanya kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayedhani kwamba skrini inamfundisha istilahi za takwimu kwa hakika anasoma masalia ya historia.

3.0 Jina moja, dhana nyingi

Hakuna neno linaloonesha hali hii vizuri kuliko “factor”. Tuchukue jinsi ya msemaji, ambayo ina thamani mbili: mwanamke na mwanamume. Katika R, jinsi ni “factor”, na mwanamke na mwanamume ni “levels” zake. Katika Goldvarb, jinsi ni “factor group”, na mwanamke na mwanamume ndio “factors”. Kwa hiyo neno ambalo programu moja inalitumia kwa kigeu kizima, nyingine inalitumia kwa thamani mojawapo ya kigeu hicho. Mwanafunzi aliyesoma makala za isimujamii za miaka ya 1980 na kisha akafunzwa R ataandika kwamba ametumia “vipengele viwili”, na msomaji hatajua kama alichunguza vigeu viwili au kigeu kimoja chenye thamani mbili.

Mambo hayaishii hapo. Ukifungua menyu ya SPSS ya kupunguza idadi ya vigeu utaikuta tena “Factor”, safari hii kwa maana ya Spearman: kitu kisichoonekana ambacho tunakikisia kutokana na majibu ya maswali mengi, kwa mfano mtazamo wa mtu kuhusu Sheng unaokisiwa kutokana na maswali 12 ya hojaji. Hicho hakikupimwa moja kwa moja, ilhali jinsi katika R ilirekodiwa moja kwa moja. Stata imeyaweka yote mawili chini ya paa moja. Amri yake ya “factor” hutafuta vitu visivyoonekana, na “factor variables” zake ni vigeu vya makundi kama jinsi. Katika SPSS kuna utata mwingine bado. Kisanduku cha “Covariates” katika rigresheni ya lojistiki yenye matokeo mawili hupokea vigeu vyote vya maelezo, vya namba na vya makundi. Ukihamia rigresheni ya lojistiki yenye matokeo zaidi ya mawili, vya makundi huingia “Factors” na vya namba huingia “Covariates”. Data hazijabadilika, dirisha tu ndilo jipya.

Kwa Kiswahili, “factor” imetafsiriwa kuwa kipengele, sababu, kigezo na, katika hisabati ya shule, kigawo. Kila moja ina tatizo lake, lakini “sababu” ndiyo ya hatari zaidi, kwani inadai usababishi pale ambapo programu imeonesha uhusiano tu. Pendekezo letu ni kuziacha dhana tatu ziwe na majina matatu. Jinsi iitwe kigeu cha makundi. Mwanamke na mwanamume ziitwe thamani za kigeu hicho. Na kile cha Spearman kiitwe kigeu fiche. Msomaji atagundua kwamba hakuna hata jina moja hapo lililotafsiri “factor”.

Neno “scale” lina hadithi kama hiyo. S. S. Stevens, katika makala yake ya mwaka 1946, alitaja skeli nne za upimaji: ya majina, ya mpangilio, ya vipindi na ya uwiano. Kwake yeye, zote nne ni skeli. SPSS inamtaka mwanafunzi achague kati ya “Nominal”, “Ordinal” na “Scale”, na kwa neno hilo la mwisho inakusudia zile mbili za mwisho za Stevens zikiwa zimeunganishwa. Menyu ya uchanganuzi ya programu hiyohiyo ina “Scale” nyingine. Ndani yake ndimo ilimo alfa ya Cronbach, na humo skeli ni seti ya maswali ya hojaji yanayopima jambo moja. Katika R, “scale” ni amri ya kutoa wastani kwenye kila thamani na kugawanya kwa mkengeuko sanifu.

Hapa Kiswahili kina nguvu ambayo hatujaitumia vya kutosha. Mzizi -pim- unatupa kipimo, kipimio, upimaji, mpimaji na vipimo, na kila umbo lina kazi yake. Skeli ya Stevens inaweza kuitwa ngazi ya upimaji, seti ya maswali ikaitwa kipimio, na amri ya R ikaelezwa kuwa kusawazisha vipimo. Mofolojia yetu inatenganisha kitendo, chombo na tokeo bila gharama yoyote. Kuyaita yote “skeli” kwa sababu Kiingereza kimefanya hivyo ni kukopa umaskini.

4.0 Dhana moja, majina mengi

Tatizo la pili ni kinyume cha la kwanza, na kwa mwanafunzi anayejifunza peke yake pengine ndilo linalochosha zaidi. Baada ya modeli kueleza sehemu ya tofauti zilizomo katika data, hubaki sehemu isiyoelezwa. SPSS huiita “Within Groups” ukitumia menyu ya uchanganuzi wa tofauti wa njia moja, “Error” ukitumia menyu ya modeli ya jumla, na “Residual” ukitumia rigresheni. Ukiziendesha menyu zote tatu kwa data zilezile za makundi mawili, utapata kiasi kilekile hadi desimali ya mwisho, kwa majina matatu. R huiita “Residuals”. Kadhalika, kile ambacho SPSS hukiita “Constant”, R na Excel hukiita “Intercept”, na Stata hukifupisha kuwa “_cons”.

Namba inayotafutwa kuliko zote, yaani thamani ya p, ndiyo yenye mavazi mengi zaidi. SPSS kwa miaka mingi imeiandika “Sig.”, na katika jedwali la kai-mraba “Asymp. Sig.”, Stata huandika “P>|t|” au “Prob > F” kutegemea jaribio, R huandika “p-value” mahali pamoja na “Pr(>|t|)” mahali pengine, Excel huandika “Significance F” katika jedwali la rigresheni. R huongeza na nyota, moja hadi tatu, ambazo wanafunzi huzisoma kama nyota za hoteli. Jambo moja dogo lakini linalojirudia katika tasnifu: SPSS ikionesha .000, haina maana kwamba thamani ya p ni sifuri. Ina maana kwamba ni ndogo kuliko 0.0005 na desimali tatu hazikutosha kuionesha. Namna sahihi ya kuandika ni p < 0.001.

Kuhusu “error”, Kiswahili kimeongeza uzito ambao haukuwapo. Kwa wanafalaki, neno hilo lilikuwa na maana ya umbali kati ya kipimo na thamani ya kweli, halikumlaumu mtu. “Kosa” kwetu lina mkosaji. Halafu tukaliunganisha na “sanifu” tukapata “kosa sanifu”, neno ambalo katika sikio la mwanaisimu wa Kiswahili ni kama kosa lililoidhinishwa na BAKITA. Sehemu isiyoelezwa na modeli tunapendekeza iitwe masalio, kwa kuwa ndicho kinachosalia. Kwa “kosa sanifu” hatuna kisawe cha haraka. “Mkengeuko wa kikadirio” ni kirefu, lakini angalau hakimtafuti mkosaji.

5.0 Utata unaozaliwa na Kiswahili chenyewe

Si haki kuitupia Kiingereza lawama zote. Jedwali la kulinganisha wastani wa makundi mawili litasomwa kwa Kiswahili hivi: kigeu huru ni jinsi, sampuli ni huru, na digrii za uhuru ni 18. Mwanafunzi anaona “huru” mara tatu na kudhani kuna kamba moja inayoziunganisha. Haipo. Kigeu huru ni kile tunachokitumia kueleza kingine. Sampuli huru ni makundi ambayo watu wake hawakuoanishwa. Digrii za uhuru ni idadi ya thamani zinazoweza kubadilika baada ya kikomo fulani kuwekwa. Kiingereza kinatenganisha ya tatu na mbili za kwanza. Kiswahili kimezifunga zote kwenye shina moja. Kwa maoni yetu, “kigeu elezi” kingekipunguzia kigeu huru mzigo, na “sampuli zisizooanishwa” zingesema waziwazi kinachokusudiwa.

“Uwiano” nao umebebeshwa kupita kiasi. Mtoto wa shule ya msingi anaujua kama uhusiano wa sehemu kwa sehemu, 2 kwa 3. Mtakwimu anautumia kwa ukaribu wa vigeu viwili unaopimwa kuanzia -1 hadi 1. Akiandika “uwiano wa umri na matumizi ya Sheng ni 0.4”, msomaji ana haki ya kuuliza: nne ya kumi ya nini? “Mtawanyo” hutumika kwa umbo la mgao wa data na vilevile kwa upana wake, hivi kwamba sentensi “mtawanyo ni wa kawaida” inaweza kueleweka kuwa data hazikusambaa sana, au kwamba zina umbo la kengele. Na “imani” katika “kiwango cha imani cha asilimia 95” humwambia msomaji kwamba mtafiti anaamini matokeo yake kwa asilimia 95. Jerzy Neyman, aliyeiweka dhana hiyo miaka ya 1930, alikusudia jambo jingine. Alizungumzia utaratibu ambao, ukirudiwa kwa sampuli nyingi, utazalisha vipindi vinavyoikamata thamani ya kweli mara 95 katika 100. Sifa hiyo ni ya utaratibu. Moyo wa mtafiti haumo.

Neno “halali” linastahili mfano wa namba. Tuseme hojaji 80 zilirejeshwa, lakini swali la tisa lilijibiwa na watu 60 tu, na 45 kati yao walisema ndiyo. SPSS itatoa “Percent” 56.3 na “Valid Percent” 75.0. Asilimia ya kwanza imegawanya kwa 80, ya pili kwa 60. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma sura ya mbinu na kukutana na uhalali wa hojaji huandika kwamba “asilimia halali ni 75”, kana kwamba 56.3 ni haramu. Kwa kweli zote mbili ni sahihi, na swali la kweli ni kwa nini watu 20 hawakujibu. Kama swali lilihusu, kwa mfano, kuona haya kuzungumza lahaja ya nyumbani mbele ya walimu, hao 20 walionyamaza huenda ndio waliokuwa na la kusema zaidi. “Asilimia ya waliojibu” ingeliweka swali hilo mezani. “Asilimia halali” inalifunika.

Wasomi wa istilahi za Kiswahili wanavifahamu vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi na kujadiliwa na Mwansoko na wengine. Kimojawapo ni uangavu, kwamba istilahi ijieleze yenyewe. Mifano hii inaonesha upande wa pili wa kigezo hicho. Imani, halali, huru na kosa ni maneno angavu mno. Tatizo ni kwamba mwanga wake unaelekezwa pasipo. Neno geni kama “rigresheni” humlazimisha msomaji aulize maana. Neno la nyumbani lililokosewa halimlazimishi kuuliza chochote.

6.0 Mfano: upatanisho wa ngeli na neno “umuhimu”

Tuseme mwanafunzi anachunguza upatanisho wa vimilikishi katika Kiswahili cha mazungumzo Nairobi: kitabu changu dhidi ya kitabu yangu. Amewarekodi watu 20, wanawake 10 na wanaume 10, na kwa kila mmoja amechukua sentensi 10. Data ni za kubuni, lakini muundo wake ni wa kawaida sana. Katika sentensi 100 za wanawake, 62 zina upatanisho sanifu. Katika 100 za wanaume, 48.

SPSS itatoa jedwali lenye mistari kadhaa. Wa kwanza, wa kai-mraba ya Pearson, una 3.960 na thamani ya p ya 0.047. Wa pili, “Continuity Correction”, una 3.414 na 0.065. Mwanafunzi anachukua wa kwanza na kuandika: “Tofauti ya kijinsia ni muhimu.” Mwenzake anayetumia R anaandika amri ya jaribio la kai-mraba kwa data zilezile. R, kwa jedwali la mistari miwili na safu mbili, huweka marekebisho ya Yates yenyewe bila kuulizwa, na inampa 0.065. Naye anaandika: “Tofauti ya kijinsia si muhimu.” Data ni zilezile, na swali ni lilelile. Tasnifu mbili zimepingana kwa sababu ya chaguo-msingi la programu na neno moja la Kiswahili.

Tuliangalie neno hilo. Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1925 kilichoeneza matumizi ya 0.05, alikitumia kikomo hicho kama alama ya kumwambia mtafiti kwamba hapa pana jambo linalostahili kufuatiliwa. “Significant” kwa maana hiyo ni chenye kuashiria. Ukubwa na uzito wa jambo havimo. Kiingereza cha kila siku kililivuta neno kuelekea “muhimu”, na sisi tukatafsiri Kiingereza cha kila siku. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko kuhusu thamani za p, na moja ya kanuni zake ni kwamba thamani ya p haipimi ukubwa wa athari wala umuhimu wa matokeo. Kwa Kiswahili, onyo hilo linakuwa kichekesho: umuhimu wa kitakwimu haupimi umuhimu.

Wapo wanaopendelea “tofauti bainifu”, na kwa mwanaisimu neno hilo lina mvuto kwani linatukumbusha sifa bainifu za fonimu. Hatulipendekezi, kwa sababu hiyohiyo. Katika fonolojia, sauti mbili ama ni bainifu au si bainifu; hakuna ubainifu wa 0.047. Neno hilo lingeimarisha tabia ya kukata ulimwengu vipande viwili kwenye 0.05, ambayo ndiyo iliyowapeleka wanafunzi wetu wawili kwenye majibu mawili, ilhali 0.047 na 0.065 zinasema karibu jambo moja. Panapohitajika kivumishi, tunapendekeza “-ashirifu”, kwa utaratibu uleule uliotupa haribifu na sahaulifu kutokana na vitenzi vya mkopo. Lakini mara nyingi kivumishi hakihitajiki. Inatosha kuandika thamani ya p na kutaja jaribio lililoizaa, pamoja na marekebisho yake.

Kuna lebo moja zaidi chini ya jedwali hilo, ambayo ni rahisi kuipita: “N of Valid Cases”, 200. Mwanafunzi huitafsiri “idadi ya watafitiwa halali”, na ghafla utafiti wa watu 20 unakuwa wa watu 200. “Case” katika SPSS ni mstari wa data tu. Hapa kila mstari ni sentensi, na sentensi kumi za msemaji mmoja zinafanana kwa kuwa zimetoka kinywani mwake. Jaribio la kai-mraba hudhani kwamba kila mstari umejitegemea. Dhana hiyo ikivunjwa namna hii, thamani ya p kwa kawaida hutoka ndogo kuliko inavyostahili, kwa hiyo 0.047 na 0.065 zote mbili zina matumaini kupita kiasi. Huu ndio utata mzito kuliko yote tuliyoyataja, na unatokana na kuita mstari mtu. Goldvarb haikuwa na njia ya kumwingiza msemaji kama chanzo cha tofauti kinachojitegemea. Rbrul, iliyotolewa na Daniel Ezra Johnson mwaka 2009, iliwaletea wanaisimujamii njia hiyo kupitia modeli mseto, pamoja na lebo yake nyingine, “random”, ambayo wengi huitafsiri “nasibu” na kudhani wasemaji walichaguliwa kwa bahati nasibu. Maana yake hapa ni kwamba wasemaji hawa 20 wanawakilisha wasemaji wengine ambao hawakurekodiwa.

Kwa vitendo, tunapendekeza kwamba sura ya mbinu ya tasnifu ya aina hii iwe na jedwali fupi lenye safu tatu: lebo kama ilivyo kwenye skrini, pamoja na jina na toleo la programu, dhana kwa maelezo ya sentensi moja, na neno la Kiswahili ambalo mwandishi atalitumia hadi mwisho. Mistari kumi au 15 inatosha. Mtahini anaweza kulikataa neno la safu ya tatu bila kuipoteza dhana ya safu ya pili, na mwanafunzi anayekuja mwakani na programu nyingine atabadilisha safu ya kwanza tu. Mabaraza na taasisi zinazokusanya istilahi zikizipata safu hizo kutoka tasnifu nyingi, zitakuwa na matumizi halisi ya kusanifisha, tofauti na orodha ya maneno iliyotafsiriwa ofisini.

Na ripoti ya mfano wetu, ikiandikwa kwa namna tunayoitetea, ingesomeka hivi: “Wasemaji 20 walitoa sentensi 200, kumi kwa kila msemaji. Upatanisho sanifu ulijitokeza katika sentensi 62 kati ya 100 za wanawake na 48 kati ya 100 za wanaume, tofauti ya pointi 14 za asilimia. Jaribio la kai-mraba bila marekebisho linatoa p = 0.047 na lenye marekebisho ya Yates p = 0.065; yote mawili yanazichukulia sentensi za msemaji mmoja kuwa hazihusiani, jambo ambalo si kweli. Kwa hiyo uchanganuzi unaofuata unatumia modeli mseto ambamo msemaji ameingizwa kama chanzo cha tofauti.”